Kinga ya Mwili kati ya Mlinganyo na Mwigo

Katika sayansi ya kompyuta limezoeleka dai kwamba, kwa kuwa kinga ya mwili imekomazwa na mamilioni ya miaka ya mageuko, programu inayoiiga kwa karibu zaidi ndiyo itakayoilinda kompyuta vizuri zaidi. Dai hilo linavutia, lakini halisimami.

Chimbuko lake ni kazi yenye heshima. Mwaka 1994 Stephanie Forrest na wenzake, akiwamo Alan Perelson, walichapisha algoriti, yaani utaratibu wa hatua kwa hatua, iliyofuata mfano wa thaimasi, tezi ya kifuani ambamo seli T zinazoelekea kuushambulia mwili wenyewe huangamizwa kabla ya kuachiwa. Kompyuta huzalisha vitambuzi kwa bahati nasibu, hufuta kila kinachoafikiana na data halali, na vinavyosalia hukesha vikingoja mabadiliko yasiyotarajiwa. Makala hiyohiyo ilikiri kikwazo ambacho wapenzi wa mwigo hukipita kimyakimya: vitambuzi vinavyohitajika mwanzoni huongezeka kwa kipeo, yaani kwa kuzidishwa tena na tena, kadiri data halali zinavyokua. Thaimasi humudu kuteketeza seli zake nyingi, ilhali kompyuta hulipia kila ufutaji kwa muda. Isitoshe, mwaka huohuo Polly Matzinger alidai kuwa kinga huamshwa na dalili za madhara, wala si ugeni peke yake. Basi anayehimiza kuiga kinga hana budi kwanza kusema ni kinga ya nadharia ipi.

Lililo bora kuliko kuiga kinga ni kuieleza kwa milinganyo, kama ilivyofanya makala ya Perelson, David Ho na wenzao katika jarida la Science la mwaka 1996. Wagonjwa watano wa VVU walipewa ritonavir, dawa inayofanya virusi vipya vizaliwe bila uwezo wa kuambukiza, na damu yao ikapimwa kila baada ya saa 2 hadi saa ya 6, kisha kwa vipindi virefu zaidi hadi siku ya 7. Milinganyo michache, inayohesabu seli zilizoambukizwa na virusi vinavyozalishwa na kuondolewa, ilitosha kutenganisha kasi mbili zilizofichwa ndani ya mteremko mmoja wa idadi ya virusi: nusu ya virusi vya kwenye damu huondoka kwa takriban saa 6, na nusu ya seli zinazovizalisha hufa kwa siku 1.6. Hivyo virusi takriban bilioni 10 huzaliwa kila siku katika mwili uliodhaniwa kutulia.

Ni kweli kwamba milinganyo hiyo ilichukulia dawa kuwa kamilifu, na kwa sababu hiyo waandishi waliziita kasi hizo makadirio ya chini. Hata hivyo dhana hiyo iliandikwa wazi, mahali ambapo mpinzani angeweza kuishika na kuipima, jambo ambalo mwigo haumruhusu. Kwa uzalishaji mkubwa kiasi hicho, karibu kila badiliko moja la kijenetiki linalowezekana hujitokeza kila siku, likiwamo lile la kuikwepa dawa moja, na ndiyo maana mgonjwa wa leo hutumia dawa kadhaa kwa pamoja.