Ndege ya majini na boti yetu

(Maneno ya memba mmoja mbele ya mkutano mkuu wa Baraka. Tumeyaacha karibu jinsi alivyoyasema.)



Komite imeniomba niseme juu ya ile ndege. Habari mnaijua. Rafiki yetu mmoja wa ng'ambo aliandika barua akauliza: mbona tusitafute ndege ndogo ya kutua majini, ibebe wagonjwa na mama wenye mimba kutoka Ubwari na Kazimia mpaka hospitali? Wengi hapa walipiga makofi. Na kwa sababu mimi nilitolewa Nyarugusu nikapelekwa Alaska, na kule nikafanya kazi miaka minne kando ya ziwa la ndege, wakasema huyu ndiye ajibu. Nitajibu, ila mnivumilie nianze mbali.

Mji wa Anchorage uko na ziwa linaitwa Lake Hood. Ndege za majini zinazotua na kuruka pale ni nyingi sana, wanasema hakuna pahali duniani panapolishinda. Vijiji vingi vya Alaska havina barabara, basi ziwa ndilo stendi yao. Mimi sikuwa rubani, nisiwadanganye. Nilikuwa mtu wa kamba. Ndege ya majini haina breki. Motere ikiwaka tu, inaanza kwenda. Lazima mtu aishike mpaka rubani aseme achia. Chini, pahali pa magurudumu, kuna kama mitumbwi miwili ya alumini iliyofunikwa juu. Ndani imegawanywa vyumba vyumba, kusudi kimoja kikitoboka ndege isizame. Kila asubuhi nilipitisha pampu chumba kwa chumba. Kimoja kikitoa maji mengi kuliko jana, nilimwambia rubani, na siku ile haendi mpaka fundi aangalie.

Kazi yangu ya pili ilikuwa mizani. Kila mtu anapanda juu ya mizani, hata tajiri, hata mama mnene anayeona haya. Kila mfuko pia. Ninaandika, rubani anajumlisha.

Siku moja walinichukua kwenda kubeba mizigo. Ndege ilikuwa Beaver, ya Canada, aina iliyoanza kuruka mwaka 1947 na mpaka leo inafanya kazi. Tulifuata bonde katikati ya milima. Rubani alikuwa anaegemea upande mmoja wa bonde, hakai katikati. Nikamuuliza sababu. Akasema: nikikuta mawingu yamefunga mbele, ninataka nafasi ya kugeuka. Tukatua kwenye ziwa dogo juu mlimani. Kulikuwa na wawindaji wanne na nyama ya mnyama wao, paa mkubwa kushinda ng'ombe. Nyama yake peke yake inaweza kupita kilo 200.

Hapo ndipo nilijifunza kitu. Kutua kwenye ziwa la mlimani ni rahisi kuliko kutoka. Wakati wa kutua, maji yenyewe yanaisimamisha ndege upesi. Wakati wa kuruka, maji hayo hayo yanaishika. Lazima ikimbie mpaka ile mitumbwi ipande juu ya maji, iteleze kama jiwe bapa ambalo watoto wanarusha, ndipo inyanyuke. Ziwa likiwa fupi, jua likiwa kali, hewa ikiwa nyepesi kwa sababu ya urefu wa mlima, miti ya ng'ambo inakuja mbele ya ndege kunyanyuka. Na maji yakitulia kabisa kama kioo ni mabaya zaidi: yanang'ang'ania, na ukiwa unatua, macho hayajui kama uko mita 20 juu au 2. Sisi tunaogopa mawimbi. Wao wanaogopa mawimbi na utulivu pia.

Wale wawindaji walitaka kuondoka wote na nyama yao, mara moja. Walikuwa wamelipa. Mmoja alipaza sauti. Rubani hakugombana naye. Alikaa juu ya jiwe akanywa kahawa mpaka jua liliposhuka na upepo kidogo ukaja. Kisha akachukua mtu mmoja na nyama kidogo, akawapeleka kwenye ziwa kubwa kule chini, akarudi. Mara nne. Mimi nilikuwa wa mwisho, nikitetemeka kwa baridi, na moyoni nilimkasirikia kama wao.

Sasa ndege yetu. Lake Hood iko mita 20 tu hivi juu ya bahari. Tanganyika iko karibu mita 770, Kivu karibu 1,460. Maana yake hapa ndege ile ile inabeba kidogo kuliko kule. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini unainua mawimbi ambayo wavuvi wetu wenyewe wanayakimbia. Haiko jambo jipya: mwaka 1916 Wabelgiji walileta ndege za majini Mtoa, kaskazini ya Kalemie, ili kupiga Wajerumani kule Kigoma, kwa hiyo ziwa letu limekwisha kuziona. Lakini wale walikuwa na serikali nyuma yao. Sisi tutatoa wapi fundi? Mafuta yake si yale ya bidoni za kando ya barabara. Kwa rafiki aliyeandika: asante kwa kutuwaza, tena kwa moyo. Jibu langu ni hapana, si sasa.

Ninachotaka ni ile mizani.

Wengi wenu mnajua mdogo wangu alikufa ziwani. Boti ilikuwa ya watu wengine, siyo yetu, sitaitaja. Ilipakia unga, mafuta ya mawese, mabati, na watu juu yake. Mama mmoja aliyeokoka aliniambia kwamba pale bandarini watu waliona maji yamekaribia ukingo, na hakuna aliyesema. Nilipata simu nikiwa Anchorage, kamba ya ndege mkononi. Siku ile nilikuwa nimepima watu kumi na mmoja na masanduku yao.

Boti yetu ya mutualite inavuka kwenda Ubwari kila wiki, na siku ya soko mnajua inavyojaa. Nahodha wetu ni kijana mzuri, lakini akikataa mzigo wa mzee, wanamtukana, kisha wanakuja kulalamika kwa prezida. Nimeona kwa macho yangu. Basi ninaomba mambo mawili kwa kura ya leo. Makuta ambayo wafadhili wangetafuta kwa ndege, tuwaombe kidogo tu kwa majile ya kuelea, moja kwa kila kiti, na madogo ya watoto. Na tuandike katika sheria zetu kwamba nahodha akisema leo hatuendi, au mzigo huu unabaki, hakuna memba wala komite wa kumbadilisha.

Mizani nimeinunua mwenyewe, balansi ya sokoni, ya kupima magunia. Iko pale mlangoni. Mimi nimejipima asubuhi: kilo 81, na viatu. Prezida, sasa ni zamu yako.