Tutunze Oili Kabla Gari Halijatuacha Mlimani



Leo hatukuja kuzungumza juu ya magari mapya. Tunazungumza juu ya yale ya zamani yanayobeba kazi yetu: Land Cruiser na Hilux za dizeli, Land Rover na Isuzu. Ndiyo yanayopanda Manga usiku na mama mjamzito. Ndiyo yanayofika Nyamache na Kebirigo wakati wa mvua ya Machi hadi Mei, magari madogo yakiwa yamekwama kwenye tope jekundu. Gari kama hilo likinoki injini, mgonjwa anarudi kubebwa kwa machela.

Oili hailainishi tu. Inapoza vyuma na kubeba masizi ya dizeli mpaka kwenye filta. Pampu huivuta kutoka sampu, chini ya injini, na kuisukuma kwa presha hadi kwenye beringi za krankshafti. Presha ikikatika, chuma kinasaga chuma, na kwa dakika chache injini imekwisha.

Huku kwetu milima inaongeza hatari. Oili ikiwa imepungua na gari limeinama, oili inakimbilia upande mmoja na pampu inavuta hewa. Upungufu ambao gari lingeuvumilia kwenye tambarare ya Ahero unaweza kuliua kwenye mpando. Tena, kilomita 20 za gia ya kwanza na ya pili ni kazi kubwa kuliko kilomita 20 za lami. Ndiyo sababu tunasema oili na filta zibadilishwe pamoja kila kilomita 5,000, au mapema zaidi kama kitabu cha gari kinasema hivyo.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, simamisha gari mahali palipo sawa, chomoa kijiti, kipanguse, kirudishe, ndipo usome. Oili ya dizeli kuwa nyeusi si ajabu. Lakini ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, pengine kwa gasketi ya hedi au kipoza oili. Na ikipanda badala ya kushuka, usifurahi! Inuse. Ikinuka dizeli, kuna mahali panapovuja ndani, kama vile pampu ndogo ya kuvuta dizeli kwenye Land Rover za zamani. Oili hiyo ni nyepesi mno, haiwezi kulinda beringi.

Halafu taa nyekundu. Wengine hudhani inaonyesha kiasi cha oili. Hapana, inaonyesha presha. Ikiwaka ukiwa njiani, madhara yameshaanza. Zima injini hapo hapo, hata kama umebakisha kilomita moja kufika. Ukifungua swichi asubuhi nayo isiwake kabisa, pengine glopu imeungua au mtu ameitoa ili auze gari. Tengeneza kwanza.

Kuna sehemu ambazo fundi asizisahau. Katika injini za Toyota za 2L na 3B, nyuma ya oltaneta kuna pampu ya kusaidia breki, nayo inapata oili kwa mpira mdogo. Mpira huo ukizeeka na kupasuka, oili yote inaweza kumwagika njiani. Ni mpira wa pesa kidogo, ubadilishwe mapema. Kwenye Land Rover za Td5, zilizoanza kutoka 1998, boliti inayoshika gia ya pampu ya oili ililegea katika baadhi ya zile za mwanzo. Ukinunua moja, fungua sampu uhakikishe. Na mpira wa hewa kutoka kwa kisafishaji ukiwa na ufa, vumbi la Januari linaingia na kula ringi za pistoni.

Tununue wapi? Dukani, mkebe ukiwa na muhuri wake. Oili ya kupimiwa kwa chupa yaweza kuwa iliyotumika ikachujwa. Soma mkebe: alama ya API inayoanza na C ni ya dizeli, S ni ya petroli. Hata dizeli yenyewe iangaliwe. Mwaka wa 2018 Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, maana watu walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Mchanganyiko huo unaumiza pampu ya injekta, kwa kuwa nyingi za zamani hulainishwa na dizeli yenyewe.

Oili chafu msiimwage mtaroni. Maji yetu yanashuka Gucha, na kuna watu wanayanywa huko chini. Iwekwe kwenye mtungi uliofungwa.

Sasa wanakamati, neno letu la mwisho ni lenu. Dereva akiomba pesa ya oili anaambiwa angoje mkutano, injini ikinoki analaumiwa yeye. Hiyo si haki. Tengeni pesa ya oili pamoja na ya dizeli, na kila gari liwe na daftari la tarehe na kilomita. Dereva akizima gari kwa sababu ya taa nyekundu, msimkaripie: ameokoa injini, na injini hiyo ndiyo itakayombeba mgonjwa wa kesho. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.