Hasira Peke Yake Hairudishi Mtoto



Ndugu zangu na dada zangu wa Bangale, leo tuongee kuhusu zile video. Mnazijua. Mama analia, polisi wako mlangoni, mtoto anabebwa, na chini pameandikwa: wanaiba watoto wa Kiislamu Ulaya, sambaza! Wengi wetu tuna jamaa huko, kwa hivyo inauma. Sawa, iume. Lakini je, ni kweli?

Kuna ya kweli. Mama mmoja Msomali alijifungua hapa Kenya mwaka 2009 akiwa na miaka 16, kisha 2010 akaenda Norway kuomba hifadhi. Huko mtoto alichukuliwa, akawekwa kwa familia ya Kikristo. Mama aliomba awekwe kwa binamu zake, ama kwa familia ya Kisomali au ya Kiislamu. Hakupata. Mwaka 2015 mahakama ikaruhusu wale walezi wamuasili kabisa. Mama hakunyamaza. Alifika mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na tarehe 10 Desemba 2021 majaji wote 17 wakasema haki yake ya maisha ya familia ilivunjwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Mahakama ile haikuamuru mtoto arudishwe. Haikusema ni lazima Mwislamu apewe mlezi Mwislamu. Ilisema serikali haikujitahidi vya kutosha kulinda uhusiano wa mtoto na mamake, dini yake na asili yake. Mama mwenyewe alikuwa anapigania hilo hilo: asikatwe na mwanawe. Alishinda kwa karatasi, tarehe na mawakili.

Linganisheni na Sweden mapema 2022. Ilienea habari kwamba sheria ya huko, LVU, ni ya kuteka nyara watoto wa Kiislamu. Sheria hiyo ni ya watoto wote, kesi huenda mahakamani, na mzazi hupewa wakili na haki ya rufaa. Je, kuna wazazi waliodhulumiwa? Malalamiko yapo, na yanastahili kusikizwa. Lakini uongo ulipochanganywa na malalamiko, serikali ilipata jibu rahisi: hizi ni propaganda. Aliyeumia ni mzazi mwenye kesi ya haki.

Na sisi tunajua uchungu wa habari mbovu. Agosti 2017 gazeti la The Times la London liliandika kwamba mtoto Mkristo amelazimishwa kuishi na walezi Waislamu. Hati za mahakama zikaonyesha nyanya yake mzaa mama, ambaye mtoto alipelekwa kwake, ana asili ya Kiislamu. Mwaka 2018 IPSO, shirika linalosimamia magazeti, likasema gazeti lilipotosha. Kama tulikasirika wakati ule, basi kipimo ni kile kile kwetu. Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha tuhakikishe habari kabla hatujadhuru watu kwa kutojua.

Kwa hivyo, kabla ya kubonyeza: Video ni ya lini, na ya wapi? Mahakama imesema nini? Upande wa pili je? Na uso wa mtoto unaonekana? Ukionekana, usitume. Mtoto huyo atakua, na picha itabaki.

Na jamaa yako akipata kesi, usimwambie atoroke ama akatae mikutano. Mwambie atafute wakili leo, aweke kila barua, ataje mapema jamaa wanaoweza kumlea mtoto.

Hata hapa kwetu, Sheria ya Watoto ya 2022 inaitambua kafala, yaani Mwislamu kumlea mtoto aliyekosa malezi ya wazazi. Nani kati yetu anaijua? Ukiona mtoto anateswa, piga 116, ni bure.

Kasirikeni, vijana. Lakini hasira yenu iwe na ushahidi mkononi, ndiyo itamfaa yule mama.

Wabillahi tawfiq.