Mwananchi Awapo Mgeni

Maneno ya mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wa Shinyanga na Geita



Kila shule zifungwapo, mabasi huondoka Geita, Kahama na Shinyanga kuelekea Dar es Salaam, na ndani yake hamkosi mwalimu aliyeongoza wanafunzi wa ziara ya masomo, karani aliyepata likizo yake, au mchimbaji mdogo ambaye duara lake limetoa dhahabu baada ya miezi mingi ya kukopa. Wote hao hupanda boti bandarini, na baada ya saa mbili hivi hushuka Unguja. Lugha wanayoisikia huko ni Kiswahili, noti wanazolipia ni zile zile walizotoka nazo nyumbani, na askari aliyesimama getini amevaa sare waliyoizoea. Kwa hiyo hutoka bandarini wakiamini kwamba wamo nyumbani na kwamba hawana la kujifunza.

Hapo ndipo ulipo mtego. Mtalii atokaye Italia au Poland hupokewa na mwongozaji, akaelezwa mapema kwamba vazi la pwani huvaliwa pwani tu, na kwamba katika Mji Mkongwe mabega na magoti hufunikwa. Mwananchi wa Bara haelezwi na mtu. Wenyeji hudhani anajua, naye hudhani kwamba hakuna la kujua. Basi anayehitaji zaidi kufundishwa adabu za Visiwani ni yule ambaye hakubali kuitwa mgeni.

Ukweli ni kwamba yeye ni mwananchi na ni mgeni kwa wakati mmoja. Tangu Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, yako mambo ya Muungano na yako yasiyo ya Muungano. Polisi ni jambo la Muungano. Utalii si jambo la Muungano. Sheria ya makosa ya jinai inayotumika Bara ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Inayotumika Zanzibar ni Sheria ya Adhabu Namba 6 ya mwaka 2018, iliyotungwa na Baraza la Wawakilishi. Kwa maneno mengine, askari ni wa jeshi lile lile, lakini kitabu anachokifungua si kile kile. Mwalimu afundishaye uraia darasani anaweza kulieleza jambo hili vizuri ubaoni, kisha akalisahau mara tu anapokanyaga gati ya Malindi.

Msafiri afanye nini? Kwanza hapana budi atenganishe mambo matatu ambayo watu wengi huyachanganya: sheria, adabu na ibada.

Sheria humfunga kila aliyemo nchini, awe mwenyeji au mgeni, Mwislamu au asiye Mwislamu. Vileo, kwa mfano, huuzwa Zanzibar kwa leseni na mahali palipoidhinishwa, hasa mahotelini. Mwanzoni mwa mwaka 2024, mabadiliko ya vibali vya kuingiza vileo yaliwatia wenye mahoteli katika uhaba mkubwa, na huo ni ushahidi wa namna jambo hilo lilivyo chini ya usimamizi wa serikali. Aliyezoea kubeba chupa yake mkononi barabarani baada ya kazi ya machimboni ajue kwamba huko atajiletea balaa. Kadhalika mavazi. Mwaka 2019 Serikali ya Zanzibar ilitangaza kwamba watalii watembeao nusu uchi katika makazi ya watu watatozwa faini, na pia waongozaji wao.

Adabu haina hakimu wala jela. Adhabu yake ni aibu. Mtu apige hodi na asubiri kukaribishwa. Avue viatu mlangoni. Apokee na atoe kwa mkono wa kulia. Asimpige picha mwanamke barazani, wala mzee anayecheza bao, kabla hajaomba ruhusa. Mwanamume asiwe wa kwanza kumnyoshea mkono mwanamke asiyemjua, akinyoshewa, aupokee. Asiingie msikitini kama aingiaye makumbusho. Na kabla ya kuuliza bei au njia, asalimie kwanza. Anayemvamia mzee wa Darajani kwa swali la nauli pasipo shikamoo atajibiwa, lakini moyoni mwa mzee huyo ameshaandikwa kuwa hakulelewa.

Ibada ni ya muumini peke yake. Mgeni asiye Mwislamu hadaiwi swala wala saumu, na hakuna sababu ya yeye kuficha imani yake. Mji Mkongwe wenyewe una kanisa kuu la Kianglikana na la Kikatoliki, na kengele zake zimesikika pamoja na adhana tangu karne ya kumi na tisa.

Ugomvi huzuka pale ambapo mambo haya matatu hugongana, na mahali pa kugongana kwake panajulikana: ni mchana wa mwezi wa Ramadhani. Mwezi Machi 2024 Polisi Zanzibar waliwakamata watu 12 kwa kosa la kula hadharani mchana wa mfungo. Habari hiyo ilizusha maneno mengi. Wako waliosema kwamba heshima ya mwezi mtukufu ni desturi ya kale na kila mkaazi aijue. Wako waliouliza ni kifungu kipi cha sheria kinachomkataza mtu asiye Mwislamu kula mkate wake, ilhali Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 na Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 zote mbili zinalinda uhuru wa dini.

Swali hilo ni la haki, na halifai kuzimwa kwa makelele. Nchi nyingine zimelijibu kwa maandishi. Oman, ambako baadhi ya Watanzania huenda kutafuta kazi, iliandika katika sheria yake ya adhabu ya mwaka 2018 kwamba anayekula hadharani mchana wa Ramadhani aweza kufungwa kuanzia siku 10 hadi miezi mitatu. Kuwait ina sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1968. Dubai, mji unaojulikana sana na wafanyabiashara wa dhahabu, iliondoa mwaka 2021 sharti la mikahawa kuweka mapazia mchana wa mfungo. Mahali pote hapo patatu ni pa Kiislamu, na sheria zake hazifanani. Kwa hiyo asemaye kwamba "kwa Waislamu ni vile vile kila mahali" hajasafiri, au alisafiri bila kuuliza.

Lakini mwalimu aliyefuatana na watoto 40 njiani hawezi kungoja mahakama itoe tafsiri ya Katiba. Yampasa aamue saa sita mchana watoto hao watakula wapi. Jibu la busara si gumu: ziara ipangwe nje ya Ramadhani, na ikiwa haiwezekani, chakula kiliwe ndani, mahali palipositirika, kwa makubaliano na mwenyeji. Mtoto mgonjwa apewe maji yake, maana hata mfungaji mwenyewe akiugua dini yake humruhusu kufungua. Hakuna anayepoteza imani yake kwa kula nyuma ya pazia, na hakuna hoja ya Katiba inayoshinda kwa kutafuna muwa mbele ya mtu mwenye kiu.

Kwa watu wa Shinyanga na Geita, mafundisho haya hayapaswi kuwa mageni. Mtumishi anayehamishiwa Kahama kutoka Lindi au Kilimanjaro hujifunza upesi kwamba huku asubuhi huanza kwa "mwangaluka", na kwamba kijana hampiti mzee njiani kama apitaye mti. Hujifunza kwamba mgeni hashuki katika duara la watu kabla hajaonana na mwenye duara, na kwamba wachimbaji wana miiko yao wasiyopenda kuona ikidharauliwa. Zaidi ya hayo, hujifunza habari za Sungusungu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipokithiri, yowe la mwano likipigwa usiku kila mwanamume mwenye nguvu hutoka. Anayebaki kitandani hutozwa faini, na kisingizio cha kwamba yeye ni mtu wa kuja hakimsaidii.

Sungusungu hao hao wanafundisha upande wa pili wa jambo hili. Desturi yao ililinda mali za watu, lakini mara nyingine ilivuka mpaka, watu wakaadhibiwa pasipo kusikilizwa. Ndiyo maana mwaka 1989 sheria iliwatambua na kuwaweka chini ya utaratibu. Desturi iliyo njema haiogopi kuandikwa. Vivyo hivyo, mwenyeji wa Visiwani naye ana wajibu wake. Ikiwa kula hadharani ni kosa, na liandikwe waziwazi, libandikwe bandarini kwa Kiswahili kabla mgeni hajanunua andazi lake la kwanza. Kanuni ambayo mtu huijua siku ya kukamatwa kwake haimwongezei adabu. Humwachia kinyongo, na kinyongo hicho hurudi Bara katika boti na basi, kikasimuliwa katika kila kituo hadi Geita.

Wahenga walisema, ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Zanzibar haimdai mgeni jicho lake. Inamwomba alifumbe kidogo mahali fulani, kwa muda fulani, kisha arudi nalo kwao likiwa zima. Naye mfanyabiashara wa Kipemba aliyefungua duka lake Kahama ameombwa vivyo hivyo: aliitika mwangaluka kabla hajaijua maana yake, na mwano ulipopigwa akatoka na rungu lake pamoja na majirani.

Mwalimu atakayewapandisha watoto botini likizo ijayo na awaeleze hayo kabla ya kung'oa nanga. Awaambie kwamba kule waendako ni kwao, na kwamba hata katika nyumba ya ndugu mtu hupiga hodi.