Kikombe Kilipowafikia Wafanyakazi

Kikombe cha mpira cha Uingereza kilianza kwa shauri la Charles Alcock mwaka 1871. Katika fainali ya kwanza, tarehe 16 Machi 1872, Wanderers waliwafunga Royal Engineers 1–0. Tangu hapo mabwana wa kusini walipokezana kikombe hicho wao kwa wao. Mwaka 1883 wakaja Blackburn Olympic, wafumaji na mafundi wa viwandani, wakawashinda Old Etonians 2–1. Lakini mfanyakazi akienda kucheza alipoteza ujira wake. Mwaka 1885 ndipo malipo ya wachezaji yaliporuhusiwa.

Tunajifunza nini? Mnyonge kufunguliwa mlango hakutoshi. Wanawe nao wale. Tunapoandaa mashindano yetu, tusilisahau hilo.