MASHINE YA KUVUTA VUMBI: TUITUMIE BILA KUUMIA

(Hotuba ya Kamati ya Usalama iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi. Inachapishwa humu kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Leo hatukuja kusema habari za mishahara wala za likizo, ingawa mtaona kabla hatujamaliza kwamba mshahara umo ndani ya maneno haya. Tumekuja kusema habari za chombo kimoja tu, nacho ni mashine ya kuvuta vumbi, ambayo wengi wetu huiita huva.

Wenzetu wanaofanya kazi majumbani, mahotelini na maofisini huishika mashine hii karibu kila siku. Lakini ni wangapi waliopata kufundishwa? Mara nyingi mwenye nyumba humwonyesha mfanya kazi swichi, akasema, "Bonyeza hapa," kisha akaenda zake. Kitabu cha maagizo kimefungiwa kabatini, au kilitupwa pamoja na boksi. Siku mashine inapoungua, anayeulizwa ni yule aliyeishika. Na siku stima inapompiga mtu, anayepigwa ni yule yule.

Kwanza tujue ilikotoka. Mwaka 1901 Mwingereza aliyeitwa Hubert Cecil Booth alitengeneza mashine kubwa ya kunyonya vumbi. Ilikuwa kubwa hata ikakokotwa na farasi na kusimamishwa nje ya nyumba, na mipira mirefu ikapitishwa madirishani. Lakini ile ndogo ya stima ambayo mtu mmoja aweza kuisukuma, mama wa hizi tunazozijua, ilitengenezwa Marekani na mfagiaji. Jina lake lilikuwa James Murray Spangler, naye alikuwa akisafisha duka kubwa katika mji wa Canton, Ohio. Alikuwa na ugonjwa wa pumu, akaona kwamba vumbi la mazulia ndilo linalomzidishia. Akachukua mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya ya mto, akaviunganisha. Mwaka 1908 alipata hati ya serikali ya kuilinda kazi yake, kisha haki hiyo ikanunuliwa na William Hoover. Ndiyo sababu sisi twasema huva wala hatusemi "spangla." Basi mtu asituambie kwamba mfagiaji hana akili ya kufahamu mashine. Mashine yenyewe ilitoka katika kichwa cha mfagiaji.

JINSI INAVYOFANYA KAZI

Ndani mna mota inayozungusha feni kwa kasi sana. Feni huitoa hewa nje kwa nyuma, na hewa nyingine hukimbilia kuingia kwa mbele kupitia mpira, ikibeba vumbi. Vumbi hubaki katika mfuko au kikopo, na hewa hupita katika chujio na kutoka. Katika mashine nyingi za nyumbani, hewa hiyo hiyo ndiyo inayoipoza mota. Mkilishika jambo hili moja, mengine yote mtayaelewa. Mfuko ukijaa, au chujio likiziba, au soksi ikikwama katika mpira, hewa haipiti. Hewa isipopita, vumbi halivutwi na mota haipozwi. Mashine hulia kwa sauti nyembamba, kisha yatoka harufu ya kuungua. Mashine nyingi zilizokufa hazikufa kwa uzee. Zilikufa kwa kuzibwa pumzi.

HABARI YA STIMA

Stima ya nyumba zetu hapa Kenya ni ya volti 240. Hiyo yatosha kabisa kuua mtu. Kwa hiyo kabla ya kuichomeka mashine, tazameni mambo haya:

1. Waya. Upitisheni macho tangu plagi hata mashine. Ukiwa umechubuka, umekatika ngozi, au umefungwa kwa plasta au kwa karatasi ya nailoni, msiutumie. Waya huumia zaidi pale unapoingia katika plagi na pale unapoingia katika mashine, kwa sababu ndipo unapopindwa kila siku.

2. Plagi. Isiwe imevunjika wala isiwe na alama nyeusi za kuungua. Msiichomoe kwa kuvuta waya. Shikeni plagi yenyewe. Na waya ulio uchi usisukumwe kamwe katika matundu ya soketi.

3. Fyuzi. Ndani ya plagi ya miguu mitatu mna fyuzi ndogo. Kazi yake ni kukatika kabla waya haujashika moto. Mashine ya wati 1,200 huvuta ampea 5 hivi, kwa hiyo fyuzi ya ampea 3 itakatika, na yafaa iwekwe ya ampea 13. Lakini akija mtu akasema tuweke msumari au karatasi ya sigara badala ya fyuzi, mwambieni hapana. Hapo nyumba haina mlinzi tena.

4. Volti. Mashine za mitumba zilizotoka Marekani nyingi ni za volti 120. Ukiichomeka mashine kama hiyo katika soketi yetu bila transfoma, itaungua mara moja. Someni kibati kilicho chini ya mashine. Kikiandikwa 220-240, ni sawa. Kikiandikwa 120, msiichomeke hata kama bwana mwenye nyumba ana haraka.

5. Waya wa kuongezea. Ukiwa umeviringwa katika gurudumu lake, ukunjueni wote, maana ukitumika ukiwa umeviringwa hupata moto. Na msichomeke huva pamoja na pasi katika waya mmoja.

Tena, mikono iwe mikavu, na miguuni muwe na viatu. Msivute huva juu ya sakafu yenye maji. Mashine ya kawaida haivuti maji. Maji yakiingia katika mota, yaweza kuleta stima mpaka mkononi. Ziko mashine za namna nyingine zilizotengenezwa kwa maji na vumbi pamoja, lakini zimeandikwa hivyo. Isiyoandikwa, ihesabiwe kuwa ni ya vumbi kavu tu.

VITU VISIVYOVUTWA

Maji tumekwisha kuyasema. Vingine ni hivi:

Majivu ya jikoni na vichungi vya sigara. Majivu yaweza kuonekana yamepoa na huku ndani mna kaa hai. Likiingia katika mfuko wa vumbi, upepo wa feni unalipuliza kama mvukuto wa mhunzi. Moto huo waweza kuanza baada ya mashine kurudishwa stoo na watu kulala.

Petroli, mafuta ya taa, tina na vitu vya namna hiyo, hata vikiwa vimemwagika kidogo tu. Mota hutoa cheche ndani, na mvuke wa petroli hushika moto kwa cheche.

Saruji, plasta na vumbi la msasa. Wajenzi wakimaliza kazi, mfanya kazi wa nyumba huambiwa avute. Vumbi hilo ni jembamba sana. Huziba chujio kwa dakika chache, na jingine hupita moja kwa moja na kurudi katika mapafu yenu. Waambieni wajenzi wasafishe kwa mashine yao iliyo ya kazi hiyo.

Vipande vya gilasi, misumari na pini. Hupasua mfuko na kukata mpira. Viokoteni kwanza kwa ufagio na kizoleo.

KUITUNZA

Kabla ya kufungua mahali popote, zimeni na mchomoe plagi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Mtoto aweza kuiwasha huku vidole vyenu vimo katika brashi.

Mwageni vumbi kabla mfuko haujajaa kabisa. Ukifika theluthi mbili yatosha. Mwagieni nje, mkiupa upepo mgongo, juu ya gazeti lililolowanishwa kidogo, na mfunge kitambaa puani. Mwenye pumu asipewe kazi hii ikiwa yuko mwingine. Mifuko ya karatasi hutumika mara moja tu, wala haikuwekwa ioshwe.

Chujio lililoandikwa kwamba laweza kuoshwa, lioshwe kwa maji baridi bila sabuni, kisha likaushwe kivulini siku nzima, usiku na mchana. Lisirudishwe likiwa na unyevu hata kidogo. Kwa hiyo lioshwe jioni ya siku ambayo kesho yake hakuna kuvuta vumbi. Chujio la karatasi halioshwi. Hukung'utwa, na likichakaa hununuliwa jingine.

Brashi inayozunguka hukusanya nywele na nyuzi za mazulia. Zikateni kwa makasi kila juma, maana zikizidi brashi husimama na mkanda wake huungua.

Mashine ikipungua nguvu ghafula, msiikemee wala msiipige. Zimeni, chomoeni, tazameni mfuko, kisha chujio, kisha mpira. Aghalabu ugonjwa ni mmojawapo wa hayo matatu. Lakini ikitoa moshi, cheche au harufu, au ikiwatekenya mkononi kwa stima, msiiguse tena. Zimeni soketi ukutani kwanza ndipo mchomoe. Hiyo ni kazi ya fundi wa stima. Mfanya kazi wa nyumba hakuajiriwa kufungua mota.

Na miili yetu nayo ina haja ya kutunzwa. Rekebisheni urefu wa bomba msifanye kazi mkiwa mmeinama. Ngazini anzeni chini kwenda juu, mashine ikiwa chini yenu, isije ikawaangukia. Waya uwe nyuma yenu siku zote.

MTU AKIPIGWA NA STIMA

Msimshike! Atawashika na ninyi. Zimeni swichi kubwa ya nyumba. Ikiwa haifikiki, simameni juu ya kitu kikavu, na mumwondoe kwa mti mkavu au mpini wa ufagio wa mbao. Piteni simu ya msaada, 999 au 112. Asipopumua, bonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, hata msaada ufike. Hata akiinuka na kusema ni mzima, apelekwe hospitali, kwa sababu stima yaweza kuudhuru moyo.

HAKI ZETU

Sasa twaja kwenye mshahara. Wako matajiri ambao huva ikiungua, mwisho wa mwezi hukata pesa. Ndugu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haisemi hivyo. Inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki ikiwa mali yake iliharibika kwa kosa la kusudi la mfanya kazi. Mota iliyochakaa si kusudi. Waya uliooza si kusudi. Lakini mkionywa na mashine yenyewe kwa harufu na moshi, nanyi mkaendelea kimya, mmempa mwenye kukata maneno ya kusema. Kwa hiyo semeni mapema. Andikeni katika daftari: tarehe, ugonjwa ulioonekana, na nani aliyeambiwa. Mwenye simu ya mkononi apige picha ya waya huo na kuipeleka kwa mwajiri. Maandishi hayasahau.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 nayo yakataza mfanya kazi kufukuzwa kwa sababu amelalamika juu ya hatari. Na mtu akiumia kazini, iko Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Mwambieni mwajiri mara moja, kwa mdomo au kwa barua. Naye amepewa siku 7 za kumpasha habari Mkurugenzi wa usalama wa kazi. Asipofanya hivyo, njooni ofisi ya tawi na lile daftari.

Twajua wako wanaoogopa. Mfanya kazi wa nyumba yuko peke yake, hana mwenzake wa kumtazama kama walioko kiwandani. Hofu hiyo si aibu. Lakini fikirini: kusema "waya huu umechubuka" ni maneno matatu tu, tena yanamwokoa mwenye nyumba na watoto wake pia. Mwajiri mwenye busara atashukuru. Asiye na busara, chama kipo kwa ajili yake.

Kila mmoja akirudi kazini kesho, kabla ya kuchomeka plagi, apitishe macho katika waya. Na amfundishe mwenzake wa nyumba ya pili ambaye hakusikia hotuba hii, hata kama bado si mwanachama. Labda kwa hilo atakuja.

Umoja ni nguvu.

Kamati ya Usalama