Meli za mbali na ardhi yetu

Maneno yaliyotolewa kwa familia zilizohama na wakuu wa jamii, Kisangani



Mtu anaweza kuuliza: sisi ni watu wa mto, bahari iko mbali, manowari zinatuhusu nini? Zinatuhusu. Kiswahili tunachosema hapa kilifika na misafara iliyotoka upande wa Zanzibar, na nguvu za Zanzibar zilivunjwa na manowari.

Ujerumani ilikuwa taifa jipya, lililoungana mwaka 1871, likitafuta nafasi kati ya wakubwa. Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Carl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, katika Tanzania ya leo, akiwapa machifu karatasi watie alama. Karatasi zilisema wametoa nchi yao, lakini ziliandikwa kwa lugha wasiyoijua. Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akazikubali. Sultani Barghash wa Zanzibar akapinga. Agosti 1885 manowari za Kijerumani, mbali sana na kwao, zikatia nanga mbele ya jumba lake. Barghash akakubali bila vita.

Tazameni vizuri, ndugu zangu. Karatasi ilitangulia, manowari zikaja kuitia nguvu.

Mambo hayo yalifika mpaka hapa. Tippu Tip, mkubwa wa biashara ya pembe na watumwa kwenye maporomoko yetu, hakuwa tena na Sultani mwenye nguvu nyuma yake. Mwaka 1887, huko Zanzibar, alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls chini ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Wenyeji wa mto walitolewa kwa bwana mmoja wakapewa mwingine, na hakuna aliyewauliza.

Leo taifa linaloinuka ni China. Manowari zake zilianza kwenda kupambana na maharamia karibu na Somalia mwishoni mwa 2008, na mwaka 2017 ilifungua Djibouti kambi yake ya kwanza ya kijeshi ng'ambo. Sisemi itafanya kama Ujerumani. Marekani na Ufaransa nazo zina kambi hukohuko. Nasema hivi: manowari za wakubwa hatuwezi kuzizuia, lakini karatasi za ardhi yetu tunaweza kuzisimamia.

Ninyi mliokimbia Lubunga na vijiji vya jirani mnajua. Mwaka 2023 Wambole na Walengola, majirani wa siku nyingi, walianza kuuana. Ugomvi ulianzia kwenye ardhi iliyotolewa kwa kampuni ya kilimo. Hakuna manowari iliyofika, lakini nyumba zilichomwa.

Kwa hiyo, wakuu, msitie sahihi peke yenu. Karatasi isomwe kwa sauti mbele ya watu, kwa lugha wanayoielewa. Majirani wa kabila lingine waitwe kuonyesha mpaka. Wamama wanaolima shamba hilo wawe na neno katika mkutano. Nakala moja ibaki kijijini.

Na ninyi familia, msingoje siku ya kurudi. Anzeni sasa kuketi pamoja, Wambole na Walengola, muandike mipaka mnayokubaliana, hata kama ni kijito kimoja tu. Machifu wa Usagara walifuatwa mmoja mmoja. Sisi tukae pamoja.